Sifa za Fundi Bakari

Sura ya Sita

Inspekta Nassibu aliingia Nambunda na mafua yaliyomziba pua zote mbili, akayaona ni balaa juu ya balaa ya barabara. Kabla hajaondoka kijijini alikuwa akiyashukuru mbele za watu, kwani bila mafua yale asingeweza kukaa ndani ya kile chumba hata kwa muda wa kuwasha kiberiti.

Land Rover ya polisi kutoka Kilwa Masoko ilisimama mbele ya zahanati. Konstebo Damiani, aliyekuwa kwenye usukani, alifungua mlango, akavuta pumzi moja, akaufunga.

"Afande, mimi nitabaki kulinda gari."

"Ataliiba nani huku?"

"Huwezi kujua, Afande. Nitalilinda kule kwenye mikorosho."

Na kweli alilirudisha nyuma mpaka kwenye mikorosho, mbali kabisa, akimwacha mkubwa wake barabarani na leso yake mkononi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abdulrahmani, alikuwa amesimama upande ule upepo unakotoka. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, hata anapozungumza na mtu mmoja. Nyuma yake alisimama Huseni, mgambo wa kijiji, akiwa ameegemea sururu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Umekuta tuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa katibu wetu, Ndugu Xaveri. Yumo humo ndani, chini ya sakafu. Tulikuwa tunakungoja wewe tu tuvunje."

"Umejuaje kama yumo?"

"Kwa pua. Kwani wewe husikii?"

"Nina mafua, Mzee."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, kisha akamgeukia Huseni. "Tumeomba mpelelezi, wametuletea mtu asiye na pua," alisema, tena si kwa kunong'ona.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Watu wa Nambunda walikuwa wamejenga chumba cha wazazi kwa mikono yao, wanaume wakifyatua matofali na wanawake wakibeba maji kutoka bondeni. Kabla ya hapo, mama aliyeshikwa na uchungu alibebwa kwa machela mpaka Kikole, na si wote waliofika. Mgeni mkubwa wa Chama alikuwa aje kukifungua. Fundi Bakari, mtu wa Kilwa Kivinje aliyeoa hapo kijijini, alipewa kazi ya kumwaga sakafu ya saruji na kupaka kuta rangi. Siku ile aliyomwaga sakafu, yeye na katibu wa kijiji walisikika wakigombana humo chumbani. Tangu saa hiyo katibu hakuonekana tena, wala yeye wala baiskeli yake. Bakari aliendelea na rangi peke yake, na jua lilipozipiga zile kuta kisawasawa, harufu ikatoka. Wajawazito wakasema bora wazalie njiani. Sasa Bakari alikuwa amefungwa kamba ghalani, na shauri lilikuwa moja tu: apelekwe Masoko leo hii kwa kesi ya kuua, ambayo mwisho wake kila mtu aliujua. Mwisho wake ni kitanzi.

"Sakafu haivunjwi," alisema Nassibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijaiuliza maswali."

Alipenga kamasi, akaingia ndani.

Chumba kilikuwa kizuri. Rangi ya maziwa ilikuwa imepakwa sawasawa kuanzia juu mpaka chini, madirisha yalikuwa mapana, na sakafu ilikuwa laini, haina ufa hata mmoja. Kila pembe ilikuwa na kitu: vitunguu vilivyokatwa vipande, rundo la mkaa, majani ya mchaichai, chetezo chenye majivu ya ubani. Katikati ya hayo yote walikuwemo paka. Paka wa kijiji kizima, inaonekana, walikuwa wamehamia hapo. Wengine walilala, wengine walisimama kwa miguu ya nyuma wakiramba ukuta, na mmoja mzee mwenye jicho moja alikuwa akiramba kwa utulivu wa mtu aliyealikwa karamu.

Nassibu alisimama akiwatazama kwa muda. Kisha akaita mlangoni, "Nesi yuko wapi?"

Emerensiana, mkunga wa zahanati, alikuja mpaka kizingitini, khanga imezungushwa usoni yakabaki macho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, lakini upole wake ulikuwa na mwisho.

"Dada, vitu hivi umeweka wewe?"

"Mimi. Nimefukiza ubani mpaka padre angenionea wivu. Nimeosha sakafu kwa dawa ya zahanati. Vitunguu, mkaa, mchaichai, kila nilichoambiwa na kila mwenye mdomo. Asubuhi harufu inanyamaza. Jua likipanda, nayo inapanda."

"Inapanda na jua?"

"Na jua. Jioni ukuta wa magharibi ndio haukaliki."

"Umewahi kuosha maiti?"

"Wengi, Mungu awarehemu."

"Hii ni harufu ya maiti?"

Emerensiana alitazama nje alikokuwa Mwenyekiti, akashusha sauti. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Maiti ana utamu fulani unaokukaa kooni. Hii haina utamu. Hii inanata, ukifika nyumbani unaikuta kwenye nywele. Lakini Mwenyekiti alisema kazi ya nesi ni sindano."

"Ahsante, dada. Mimi nakusikiliza."

"Na mimi nashukuru kusikilizwa," alisema Emerensiana, na macho yake yalionyesha kwamba alikuwa anasema kweli.

Nassibu akamwita Huseni. Mgambo aliingia kwa shida, ameshikilia pumzi.

"Piga magoti hapo katikati. Nusa sakafu."

"Afande!"

"Nusa, Huseni. Pua yangu iko likizo, leo unashika zamu yake."

Huseni aliinama, akanusa kidogo, kisha akanusa tena. Uso wake ulibadilika. "Saruji," alisema. "Afande, inanuka saruji tu."

"Zunguka sakafu nzima."

Alizunguka kwa magoti, akihamisha paka waliomzuia njia. Saruji, saruji, saruji.

"Sasa weka pua ukutani."

Huseni aliweka pua ukutani, akatoka nje mbio, akatapika nyuma ya zahanati. Nassibu alimfuata na kata ya maji.

"Haya, nawa uso. Umefanya kazi kubwa. Inzi umewaona?"

"Inzi? Hapana, Afande. Paka tu."

"Mtu azikwe chini ya chumba, kwa joto hili, inzi wasijue? Niambie sasa ugomvi ulivyokuwa. Neno kwa neno."

Huseni alijifuta mdomo. Siku ile alikuwa zamu, akipita nyuma ya jengo. Alimsikia Bakari akisema kwa ukali: "Ondoka leo hii! Ukilala hapa leo utajuta maisha yako yote."

"Na katibu alijibuje?"

"Hakujibu. Alikuwa analia, Afande."

"Katibu alikuwa analia?"

"Kama mtoto. Nilimwambia Mwenyekiti, akasema mtu anayekiona kifo chake lazima alie."

"Halafu mlimkamata Bakari."

"Harufu ilipotoka ndiyo tukamkamata. Tukamwuliza, umetia nini humu hata kukanuka namna hii? Akajibu eti ametia sifa! Mwenyekiti akamzaba kofi. Tukamwuliza tena. Akasema ametia sifa, kama katibu alivyomwambia. Mtu kaua, Afande, na bado anajisifu!"

Nassibu wakati huo alikuwa na leso usoni, akipiga chafya ya tatu mfululizo, na neno lile likampita kama linavyompita mtu jina la kituo akiwa amesinzia ndani ya basi. Alichokishika ni kilio cha katibu. Hicho alikiweka kichwani, akaenda ghalani.

Mlangoni mwa ghala la korosho alikuwa ameketi Kidawa, mke wa Bakari, na bakuli la ugali wa muhogo mapajani. Chakula kilikuwa kimepoa.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Hawaniruhusu kuingia."

"Marahaba. Mumeo amekula?"

"Tangu jana hajala. Bwana mkubwa, mimi sijui sheria. Ninachojua, huyu mtu akikuta siafu njiani anawapisha."

"Ingia nacho ndani, mama. Mtu hahojiwi na njaa."

Kidawa aliingia akimwombea Inspekta dua kwa kila mzazi wake, aliye hai na aliyekufa. Nassibu alimfungua Bakari kamba yeye mwenyewe, akaketi juu ya gunia, akamwacha ale. Bakari alikuwa mtu mrefu, mkavu, na shavu moja lilikuwa limevimba. Alikula polepole. Alipomaliza alinawa, akasema Alhamdulillahi, akangoja.

"Nasikia wewe ni wa Kivinje."

"Naam. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mashua pale."

"Mimi mwenyewe nimezaliwa Kivinje."

"Basi tu ndugu," alisema Bakari, bila kutabasamu.

"Kama tu ndugu, niambie. Ulitia nini kwenye ile rangi?"

"Nimeshawaambia. Sifa."

"Sifa gani?"

Bakari alimtazama kama aliyechoka kuzungumza na viziwi. "Sifa, bwana. Ya papa. Kwani kuna sifa nyingine?"

Kicheko kilimtoka Nassibu, akacheka mpaka akakohoa, mpaka Huseni akachungulia dirishani kuona ni nani anayemkaba mwenzake.

Mtu wa bara anisamehe nikieleza, maana mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa. Kule kwenye kingo za maji ya chumvi, sifa si maneno matamu ya kumsifia mtu peke yake. Sifa ni mafuta pia, mafuta yanayotokana na maini ya papa, wanayopaka mafundi kwenye mbao za mashua ili zisinywe maji. Ni mafuta mazuri kwa mbao, lakini mtu aliyeyashika kwa mkono hutengwa mezani kwa siku kadhaa. Watu wa Nambunda walikuwa wakulima wa korosho na muhogo, papa walimjua akiwa mkavu sokoni, na sifa waliyoijua ni ile ya mikutanoni.

"Nani alikwambia utie sifa kwenye rangi ya nyumba?" aliuliza Nassibu, akifuta machozi.

"Katibu mwenyewe. Rangi ilikuwa nzito, imeganda, na tapentaini hakuna mpaka Lindi. Nikamwuliza, katibu, rangi nzito hii, niitie nini? Akasema, itie sifa kazi hii Bakari, mgeni aje ashangae."

"Naye alikuwa na maana ufanye kazi ya kusifiwa."

"Sasa ndiyo naelewa. Siku ile nilishangaa, huyu Mmatumbi wa Kipatimu kajulia wapi mambo ya sifa? Lakini neno limetoka kwenye Chama, mimi nani nibishe? Nilikuwa na debe lake nyumbani, limebaki tangu kazi za Kivinje. Nikatia."

"Hukujua itanuka?"

"Nilijua. Kwenye mashua upepo unaibeba, chumbani haina pa kwenda. Nikasema labda wataalamu wana mpango wao."

Nassibu alicheka tena, lakini kidogo. Bado mtu alikuwa hajulikani aliko. Harufu ilikuwa imepata jina, na hiyo haikutosha kumtoa Bakari kwenye kitanzi.

"Na katibu yuko wapi?"

Bakari aliinamisha kichwa.

"Bakari. Shahidi amekusikia ukimwambia aondoke, la sivyo atajuta maisha yake yote. Mahakama itakuuliza alikwenda wapi. Utajibu nini?"

"Nimetoa ahadi, bwana."

"Ahadi kwa nani?"

"Kwake. Akirudi atasema mwenyewe. Hapendi jambo lake litembee midomoni mwa watu."

"Mume wangu, sema!" Kidawa alilia. "Sema, watakuua!"

"Ahadi ni deni, Kidawa," alisema Bakari kwa upole.

Nassibu alitoka nje, akasimama juani. Kijiji kizima, tangu Mwenyekiti mpaka watoto, kilikuwa kikimwita katibu marehemu. Ni mtu mmoja tu aliyesema "akirudi" na "hapendi", naye ndiye aliyeshitakiwa kumwua. Mwuaji mjanja angeweza kusema hivyo kwa hila. Lakini Bakari hakuwa mjanja. Mtu aliyemwaga mafuta ya papa kwenye chumba cha wazazi kwa sababu ya utii hana hila ya kiasi hicho.

Alirudi kwa Emerensiana, akamkuta anachemsha sindano.

"Dada, mara ya mwisho ulizungumza nini na katibu?"

Emerensiana alifikiri. "Siku ile ile asubuhi. Alikuja kuniazima shuka jeupe. Halafu akaniuliza, mtu mzima akishindwa kumeza, unamlishaje? Nikamwambia, uji mwembamba, umdondoshee kwa pamba, umwinue kichwa. Nilidhani anamwulizia mzee fulani hapa kijijini."

"Kabla hajaja kwako, kuna mtu aliingia kijijini?"

"Lori la korosho lilipita kuchukua magunia. Dereva alizungumza naye kidogo."

"Lori lilitokea wapi?"

"Kipatimu."

"Katibu ana nani Kipatimu?"

"Mama yake. Bi Veronika. Mkongwe sana, anamtaja kila siku." Emerensiana aliacha sindano zake. "Yesu na Maria!"

"Kwa nini mtu aende kumwona mama yake mgonjwa kwa kujificha?"

"Kwa sababu Mwenyekiti alitangaza kwenye mkutano. Hakuna kutoka kijijini mpaka mgeni aje. Kiongozi atakayetoka atavuliwa uongozi na kuitwa mhujumu."

Nassibu alimshukuru kwa mikono miwili, akarudi ghalani karibu kwa kukimbia. Hakuketi. Alisimama mlangoni.

"Bakari, sikuulizi katibu yuko wapi. Ahadi yako iko salama. Nakuuliza tu kama binadamu. Unadhani amemkuta mama yake akiwa hai?"

Bakari aliinua kichwa.

"Sijui, bwana," alisema. "Ndilo ninalomwomba Mungu kutwa kucha. Alikuwa ameshaamua kubaki, anaogopa Chama. Mimi mama yangu alikufa Kivinje nikiwa kazini, nikaambiwa baada ya maziko. Nikamwambia, ondoka, kazi niachie mimi, ukilala hapa leo utajuta."

Kidawa alimshika mumewe mkono. Nassibu alitazama pembeni, akapenga kamasi ambazo safari hii hazikuwa za mafua peke yake.

Mwenyekiti hakukubali kirahisi. Alikuwa amekwisha kuwakusanya watu mbele ya zahanati, na sururu ilikuwa imehamia mikononi mwake. Nassibu aliagiza debe la Bakari liletwe. Akachovya kitambaa, akakitupa kwenye nyasi hatua chache kutoka mlangoni. Paka walitoka chumbani kwa foleni, yule mwenye jicho moja akitangulia, wakakigombea kitambaa kile mbele ya mkutano mzima.

"Huseni, nusa debe."

"Afande, nimeshatapika leo."

"Nusa kwa mbali."

Huseni alinusa kwa mbali, akaruka nyuma. "Ndiyo yenyewe! Mzee, ndiyo yenyewe! Harufu ndiyo hii hii!"

Nassibu akawaeleza maana ya sifa. Bibi mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenea mpaka nyuma. Mwenyekiti peke yake hakucheka.

"Sawa," alisema. "Harufu ni ya samaki. Mtu je? Mtu yuko wapi?"

"Nadhani yuko Kipatimu."

"Unadhani!"

"Mzee, kwenye gari nina petroli ya safari moja. Nikimpeleka Bakari Masoko, nitakuwa nimepeleka mshitakiwa bila maiti. Nikituma gari Kipatimu, huenda nikapata maiti aliye hai. Damiani anakwenda Kipatimu."

"Na asipomkuta?"

"Sakafu nitaivunja mimi kwa mikono yangu. Na vyeo hivi utaniandikia barua nivuliwe, saini nitakusaidia kutia."

Mwenyekiti alimtazama kijana yule mwenye pua nyekundu kwa muda mrefu, kisha akaiegemeza sururu ukutani.

"Tungoje," alisema.

Damiani aliondoka akiwa na furaha ya kupata hewa. Njia ya Kipatimu ni ya mawe na makorongo, na hakuna aliyemtarajia kabla ya kesho yake. Nassibu hakupenda watu wakae bure wakichochea maneno, akamtoa Bakari ghalani, Huseni akiwa bega kwa bega naye.

"Fundi, sifa inatokaje ukutani?"

"Kwa maji haitoki, inazidi kujishika. Kwanza ikwanguliwe rangi yote. Halafu ukuta uoshwe kwa maji ya majivu, yale makali yanayochujwa, mara mbili. Uachwe ukauke, madirisha wazi, moto mdogo katikati. Mwisho upakwe chokaa mbichi, isiyo na mafuta ya aina yoyote. Chokaa inakula harufu."

"Na ubani?" aliuliza Emerensiana.

"Ubani ni kumvisha mbuzi kanzu, dada. Mbuzi anabaki mbuzi."

Emerensiana alicheka kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze. Wanawake walileta majivu kutoka kila jiko, wanaume wakaleta majembe madogo na vipande vya bati, na kazi ya kukwangua ikaanza. Mtu waliyekuwa wakimwita mwuaji saa chache zilizopita sasa alikuwa akiwaelekeza, bila kinyongo, hapa kwangua zaidi, hapa inatosha. Walimtii. Kesho yake adhuhuri kuta zilikuwa zimekwisha kuoshwa mara ya pili na paka wote walikuwa wamerudi makwao. Emerensiana alisimama katikati ya chumba, akashusha khanga usoni, akavuta pumzi, akasema, "Mungu akulipe, fundi." Bakari aliitikia amina, lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Gari lilionekana baada ya sala ya alasiri. Kijiji kizima kilisimama. Land Rover ilikuja polepole, imejaa vumbi, baiskeli imefungwa juu, na ilipokata kona watu waliona vichwa viwili mbele. Kidawa alipiga kigelegele hata kabla gari halijasimama.

Xaveri alishuka. Alikuwa amekonda, na kitambaa cheusi kilikuwa kimeshonwa kwenye mkono wa shati lake. Kigelegele kikakatika.

Mwenyekiti alikwenda mbele, lakini katibu alimpita kwa heshima, akisema tu, "Shikamoo, Mzee. Nimetoka bila ruhusa. Kiti chenu nitakirudisha." Akaendelea kutembea mpaka alipokuwa Bakari, mikono yake imejaa majivu mpaka kwenye viwiko. Damiani alikuwa amekwisha kumweleza yote njiani.

"Wangekunyonga," alisema Xaveri.

"Pole na msiba, katibu."

"Wangekunyonga, Bakari! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuahidi nitanyamaza. Ulimkuta?"

"Nilimkuta." Katibu alikishika kile kitambaa cheusi. "Nilimkuta hai. Alinitambua. Nilimlisha uji kwa pamba, mimi mwenyewe, mpaka siku ile aliyofumba macho. Aliniuliza, Chama kimekuruhusu? Nikasema hapana. Akasema, sasa nani kakushikia kazi? Nikamwambia yuko fundi mmoja wa Kivinje, ndiye aliyenifukuza nije kwako."

Mwenyekiti alikuwa amefika nyuma yao. Alivua kofia yake, akabaki nayo mkononi, na sauti yake ya mkutano wa hadhara haikupatikana.

"Akasema nini?" aliuliza Bakari.

"Alikuwa hawezi tena kusema mengi. Alisema, mwambie mwanangu huyo ahsante. Halafu akalala. Lile ndilo neno lake la mwisho, Bakari. Nimekuletea wewe."

Bakari, ambaye hakulia alipozabwa kofi, wala alipofungwa kamba, wala alipotajiwa kitanzi, aliufunika uso kwa mikono yake yenye majivu, akamlilia mama wa mtu aliyekuwa hajapata kumwona.